Gari Linalokufa Bila Kelele

Mtu aliyepata kulala njiani kati ya Bunia na Mahagi kwa sababu ya pane hana haja ya kufundishwa gari ni nini. Gari si rangi inayong'aa, wala si jina lililoandikwa mbele. Gari ni kitu cha kumfikisha mtu. Na likishindwa, thamani yake yote huhamia kwa yule fundi ajuaye kulifungua. Katika njia ile ya Iga-Barrière na Fataki, ambako katika miaka hii wasafiri wengi wameuawa na watu wenye silaha, gari likisimama jioni hakuna abiria aulizaye lilinunuliwa kwa bei gani. Wote huuliza neno moja tu: litaondoka kabla ya giza?

Twaanza na neno hilo kwa sababu tunataka kusimulia habari za motokari ya umeme, ile isiyokunywa esanse wala mazutu. Wengine wenu mmeisoma magazetini, wengine mmeiona Kigali au Kampala, na vijana wanapenda sana kubishana kama itafika kwetu. Wauzaji huisifu: haina moshi, haina kelele, haina mafuta ya kubadilisha. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo lisilosemwa kwa sauti kubwa. Mota yake haiharibiki upesi, ila gari lenyewe huugua kichwani, na huugua mara kwa mara. Taa ya onyo huwaka, huzimika, huwaka tena. Na kulitibu huweza kuchukua majuma mengi hata katika nchi tajiri. Ili tufahamu kwa nini, yafaa turudi nyuma kidogo, maana ugonjwa huu una historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya kwetu Ituri.

Wengi hudhani gari la umeme ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo kabisa. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na mji wa Paris, Mbelgiji mmoja jina lake Camille Jenatzy alikaa juu ya gari lililofanana na risasi kubwa yenye magurudumu manne, akakimbia kilomita 105 na zaidi kwa saa. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kupita kilomita 100 kwa saa ndani ya gari, na gari lile liliendeshwa kwa umeme wa betri. Alilipa jina La Jamais Contente, yaani Lisiloridhika Kamwe. (Jenatzy huyu, tuseme kwa kupitia tu, hakuuawa na mbio za gari. Alipata jeraha la kifo mwaka 1913 porini, alipojificha nyuma ya kichaka akaiga sauti ya nguruwe-mwitu ili kuwatania wawindaji wenzake. Mmoja wao akapiga bunduki.)

Siku zile magari ya umeme yalipendwa mijini. Katika magari yaliyoundwa Marekani mwaka 1900, zaidi ya theluthi moja yalikuwa ya umeme. Hata mke wa Henry Ford, huyo aliyeijaza dunia magari ya petroli, aliendesha gari la umeme, maana halikumdai azungushe chuma cha kuwashia mpaka mkono umwume. Kilichoyaangusha ni uzito wa betri za risasi na ufupi wa safari zake. Tena tangu 1908 Ford aliuza gari la petroli kwa bei iliyozidi kushuka mwaka hata mwaka. Mwisho, mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ikaanza kuuza magari yenye stata, yaani mota ndogo ya kuwashia injini, iliyotengenezwa na Charles Kettering. Hapo pana kichekesho: mota ya umeme ndiyo iliyolizika gari la umeme.

Tukumbuke jambo moja kuhusu magari yale ya kwanza. Ndani yake hamkuwa na kitu chochote kinachofikiri. Mlikuwa na betri, nyaya, mota, na mkono wa kuongeza au kupunguza nguvu. Likisimama, fundi alifuata waya kwa kidole mpaka apate mahali palipokatika. Kazi ya asubuhi moja.

Huku kwetu magari yale ya umeme hayakuja. Nani angeyalisha? Kabla ya Vita Kuu ya 1914, Mbelgiji mwingine, Robert Goldschmidt, aliunda magari ya mvuke ya kuchoma kuni kwa ajili ya njia za Kongo, kwa kuwa kuni zilikuwa kila mahali na petroli haikuwapo. Fikira yake haikuwa ya kijinga: gari na lile chakula kinachopatikana karibu. Lakini mzigo wa Kongo wakati ule ulibebwa hasa na vichwa vya watu. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, vyombo na vyakula vya migodi vilipandishwa toka Ziwa Albert na wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa. Na barabara zilizowaondolea mzigo huo zilichimbwa kwa majembe na watu walewale, pia kwa kulazimishwa. Wazee wetu hawakuipata barabara bure.

Mwaka 1924 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilituma magari 8 yenye mikanda ya mpira mahali pa magurudumu ya nyuma, yavuke Afrika toka Algeria mpaka Madagaska. Wakuu wa msafara walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walipita kaskazini-mashariki ya Kongo mwaka 1925 wakielekea Kampala. Picha zao zilionyeshwa Ulaya kote, na watu wakasifu magari. Sisi tungesifu zaidi maghala. Maana kabla msafara haujaondoka, watu wengine walikwisha tangulia kuweka petroli na vipuri mbele ya njia, mahali baada ya mahali. Bila maghala hayo, magari yale manane yangebaki porini, na kuku wangetaga ndani yake.

Habari ya vipuri, au piesi kama tusemavyo Bunia, ndiyo historia yenyewe ya magari katika Ituri. Fikirini safari ya kipuri kimoja katika miaka ya 1930. Kilitoka Ulaya kwa meli, kikashuka Mombasa. Kikapanda reli mpaka Namasagali katika Uganda. Pale kilitiwa katika meli ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Kamio likakichukua toka Masindi Port hadi Butiaba. Kule Butiaba kulikuwa na meli iliyoitwa Robert Coryndon, iliyovuka Ziwa Albert kuja Kasenyi na Mahagi-Port. Meli hiyo na bandari ya Butiaba ziliharibiwa na maji yaliyofurika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Toka Kasenyi kipuri chetu kilipanda ukingo mkali wa bonde, kikapita Bogoro, ndipo kikafika Bunia. Na kama karani alikosea namba ya kipuri, safari ilianza upya.

Kwa sababu hiyo mafundi wa hapa walijifunza kutongoja. Springi iliyovunjika ilifungwa kwa mti na mipira iliyokatwa toka matairi ya zamani. Tangi lililotoboka lilizibwa kwa sabuni. Karatasi nene ya sanduku ilikatwa kwa mkasi ikawa gasketi. Karakana za migodi ya Kilo-Moto zilikuwa shule, ingawa hazikuitwa shule: kijana aliingia kushika taa na kumpokeza fundi spana, na baada ya miaka kadhaa alitoka akijua kusikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua. Neno hilo la kusikiliza tulitie akilini. Gari la zamani lilisema. Lilikohoa, lililia, lilitoa moshi mweusi au mweupe, lilinuka. Motaboi aliyekaa juu ya mzigo aliweza kujua ugonjwa kabla ya shofere.

Ilipofika Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka na biashara za wageni zitolewe kwa wananchi wa Zaire. Wafanyabiashara Wagiriki na Wahindi wakaondoka, na pamoja nao wakaondoka watu waliojua kuandika barua kwa viwanda vya Ulaya na kulipwa vitu vikaja. Rafu za piesi zikabaki tupu. Barabara nazo zikaharibika. Tangu hapo mpaka leo wafanyabiashara wa Bunia huvuka mpaka kwenda kutafuta vipuri Kampala, na wengi hufika soko la Kisekka, ambako gari zima hulala mezani vipande vipande. Halafu ikaja vita ya Ituri ya 1999 hadi 2003, ambayo hatutaieleza hapa. Kila nyumba inayo habari yake.

Sasa mtazame magari yaliyoshinda mambo hayo yote. Bunia imejaa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984. Mashirika ya misaada yanazipenda, majeshi yanazipenda, na misioni pia. Si kwa uzuri wake. Kiti cha nyuma huvunja mgongo. Zinapendwa kwa sababu nyingi kati yake zina injini ya mazutu ya lita 4.2 ambayo pampu yake huendeshwa kwa vyuma tu, bila kompyuta. Mchanga ukiingia, fundi aliyesomea chini ya mwembe huweza kuutoa. Matajiri wa Ulaya wakishangaa kwa nini Afrika yataka gari la mtindo wa zamani, jibu liko katika karakana yoyote ya hapa.

Na huko Ulaya, wakati huohuo, gari lilikuwa likinyamazishwa kidogo kidogo. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza kifaa cha kielektroni cha kupima petroli inayoingia katika injini, na Volkswagen ikakitia katika magari yake. Lengo lilikuwa jema, yaani kupunguza moshi na petroli inayopotea. Mwaka 1986 Bosch hiyohiyo ilitangaza njia ya kuunganisha visanduku vyote vya elektroni garini kwa jozi moja ya nyaya, ili visemezane: breki na injini, injini na taa. Tangu 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa na sheria kuwa na mahali pa kuchomeka mashine ya kusoma makosa. Maana yake ni nini? Maana yake gari liliacha kusema na sikio la fundi, likaanza kusema na mashine. Fundi asiye na mashine amekuwa kama mtu aliyekwenda kutibu mgonjwa wa lugha asiyoijua.

Gari la umeme lilirudi duniani katikati ya mabadiliko hayo, si kabla yake. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, kwanza kwa ajili ya vyombo vidogo. Watatu waliofungua njia ya betri hizo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97. Yeye ndiye aliyeonyesha mwaka 1980 kwamba kobalti yafaa sana ndani ya betri ya namna hiyo. Na kobalti, kama mjuavyo, hutoka kwetu: karibu sehemu saba katika kumi za kobalti yote inayochimbwa duniani ni ya Kongo, toka Kolwezi na pande zile. Hata dhahabu, ambayo babu zetu waliichimba Kilo, hupakwa juu ya viungo vidogo vya elektroni ili visishike kutu. Kwa hiyo gari la umeme limebeba udongo wetu, ingawa sisi hatujabebwa nalo.

Sasa tuseme jinsi linavyougua. Msomaji atuvumilie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini.

Chini ya sakafu ya gari la umeme mna betri kubwa, ya volti 400 hivi au zaidi, wakati umeme wa nyumbani kwetu ni volti 220. Betri hiyo huendesha mota. Lakini kufuli za milango, taa, na kompyuta zote za gari haziwezi kutumia nguvu hiyo kubwa. Hutumia volti 12, kama gari la kawaida. Basi kuna kisanduku cha kuishusha nguvu toka 400 hadi 12, na kuna betri ndogo ya volti 12 ya kuziamsha kompyuta asubuhi. Betri ndogo ikifa, kompyuta haziamki. Kompyuta zisipoamka, swichi za betri kubwa hazifungi. Na gari linalala hapo, tangi limejaa, tuseme hivyo, lakini mdomo umefungwa. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wamekuta gari lao limekufa nyumbani namna hiyo, umeme wa kilomita 300 ukiwa chini ya viti vyao.

Mwezi wa Machi 2024 kampuni za Hyundai na Kia za Korea Kusini ziliita katika karakana, huko Marekani, zaidi ya magari 140,000, kwa sababu kisanduku kile cha kushusha nguvu kiliweza kuharibika na kuiacha betri ndogo bila chakula. Magari yakatengenezwa. Novemba mwaka uleule Hyundai ikayaita tena, zaidi ya 145,000, pamoja na yale yaliyokwisha tengenezwa. Hatusemi hili ili kuwadharau Wakorea, maana kampuni iliyotangaza kosa lake imefanya vema. Twasema tu kwamba wenye ujuzi wote na fedha zote walihitaji kurudi mara mbili juu ya kosa lilelile.

Mfano mwingine unatufurahisha kwa namna yake, kwa kuwa ni rahisi kuufahamu. Katika magari ya Tesla yaliyoundwa kabla ya 2018, kioo kikubwa cha mbele kiliendeshwa na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Kumbukumbu ya namna hiyo ni kama ubao wa shule: ukiandika na kufuta, ukiandika na kufuta, mwisho ubao huchakaa usishike chaki. Na gari liliandika habari zake kila siku bila kupumzika. Baada ya miaka mitano au sita ubao ulichakaa; kioo kikawa cheusi, na pamoja nacho picha ya kuangalia nyuma wakati wa kurudisha gari ikapotea. Februari 2021 kampuni ilikubali kuyaita magari zaidi ya 130,000. Mota zilikuwa nzima. Breki zilikuwa nzima. Kilichozeeka ni daftari.

Lakini makosa yanayochosha zaidi si yale yanayojulikana hata yakatangazwa. Ni yale yanayokuja na kwenda. Maji kidogo yameingia katika kiungo cha nyaya, au kiungo kimelegea kwa mtikisiko. Nguvu inayopita inapungua kwa nukta moja ya saa. Kompyuta inaona hesabu isiyoitarajia, inaogopa, inaandika kosa, inazima gari ili lisiungue. Mwenye gari analipeleka kwa fundi. Njiani kiungo kimekauka. Fundi anachomeka mashine, anaona kosa limeandikwa, anajaribu gari: zima kabisa. Analifuta kosa, anamrudishia mwenyewe. Juma la pili mvua inanyesha, na mambo ni yaleyale. Mtu akirudi mara ya tatu huanza kushukiwa kwamba ni mgomvi.

Na kwa nini matengenezo yachelewe? Msomaji atasema, si waya tu? Ndiyo, mara nyingi ni waya tu, au kipande cha elektroni kisichozidi ukucha. Lakini kipande hicho kimo ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa gundi, na karakana ya kampuni haikifungui. Huagiza kisanduku kizima. Kisanduku kikifika hakifanyi kazi mpaka kompyuta ya kiwanda ikitambulishe kwa gari lile, kwa namba zake. Katika miaka ya 2020 hadi 2022, vipande vya elektroni vilipoadimika duniani kote, hata viwanda vyenyewe vilisimama kuvingoja. Tena si kila fundi aruhusiwaye kugusa. Nyaya za nguvu kubwa zimevikwa ganda la rangi ya machungwa, rangi iliyochaguliwa ili kuonya, na fundi azigusaye lazima kwanza akate nguvu kwa utaratibu na kuvaa glavu maalumu zisizopitisha umeme. Tunawasihi vijana walikumbuke hilo wakati wowote watakapoona gari la umeme lililoanguka njiani. Ganda la machungwa, msishike.

Basi mwaka 2024 ikatokea habari ambayo sisi wa Ituri tungeweza kuitabiri. Kampuni ya Marekani iliyoitwa Fisker ilikuwa imeuza magari ya umeme jina lake Ocean, yaliyoundwa Graz katika Austria. Tangu mwanzo wenye magari walilalamika juu ya makosa ya programu yasiyokwisha: ufunguo usiotambuliwa, onyo lisilo na sababu, gari kusimama. Juni 2024 kampuni ikafilisika. Maelfu ya watu wakabaki na magari mapya ambayo kompyuta zake zilitegemea kampuni iliyokufa, na piesi zisizo na ghala. Wakafanya nini? Walijiunga katika chama, wakaanza kutafutiana vipuri, kusoma programu wenyewe, na kufundishana jinsi ya kuondoa kosa hili na lile. Matajiri wa California wakawa mafundi wa chini ya mwembe.

Afrika ya Mashariki nayo imekwisha anza. Novemba 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha Kiira EV, gari dogo la viti viwili walilolibuni wenyewe, na mwaka 2016 Kampala ikaona basi la Kayoola lenye vioo vya jua juu ya paa. Nairobi ilipata teksi za umeme za NopeaRide mwaka 2018, nyingi zikiwa Nissan Leaf. Kufika 2023 kampuni ilikuwa imefunga kazi kwa kukosa fedha. Oktoba 2019 Volkswagen na Siemens walileta magari manne ya umeme Kigali kwa majaribio. Lakini kwa maoni yetu jambo kubwa zaidi Kigali si magari hayo, bali pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand, zilizoanza mwaka uohuo. Dereva hachaji pikipiki; anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anakwenda zake. Betri iliyougua hubaki kituoni kwa mafundi, na dereva hapotezi siku ya kazi. Huko ni kuitenga sehemu inayougua na mtu anayetaka kusafiri, na tunadhani ndiyo fikira bora iliyopatikana mpaka sasa juu ya jambo hili. Ni maghala yaleyale ya Citroën, ila yamewekwa mjini.

Je, Bunia? Hapa umeme wa Budana, ulioanzishwa na migodi ya Kilo-Moto wakati wa Wabelgiji, haujatosha nyumba, sembuse magari. Umeme unapanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakoua visanduku vya elektroni. Esanse inauzwa katika chupa kando ya barabara na watu ambao mji umewabandika jina la Kadhafi, na pikipiki zinawanywesha utajiri. Walakini pikipiki ya umeme yaweza kufika kabla ya gari la umeme, tena toka Uganda, kwa njia ileile ambayo vitu vyote hufika.

Wengi watadhani itatengenezwa na makanika wetu, warithi wa karakana za migodi. Sisi tunafikiri kwamba sivyo. Mzee aliyezoea kusikiliza injini atainama juu yake asisikie kitu, maana haina sauti. Warithi wa kazi hii ni wale vijana wanaokaa katika vibanda vya mjini wakitengeneza simu, redio, na mashine za kugeuza umeme wa vioo vya jua. Wamekwisha jua kufungua kisanduku kilichofungwa kwa gundi. Wanacho chuma cha moto cha kuunganishia kwa risasi, wanayo mita ya kupimia volti, na wana subira ya kutafuta kipande kimoja kilichoungua katikati ya mia. Karakana kubwa ya Ulaya ingetupa kisanduku kizima; wao hawana kisanduku kingine cha kutia, kwa hiyo hukifungua. Wanachokosa ni glavu zile za nguvu kubwa na mtu wa kuwafundisha hatari yake, kwa maana volti 5 za simu hazijapata kumwua mtu.

Na wanakosa michoro. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watu walipiga kura mwaka 2020, na karibu watatu katika kila wanne wakakubali sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda wawaachie mafundi wa kawaida habari zinazotoka katika kompyuta za magari. Viwanda vikaenda mahakamani kuipinga. Kura hiyo haikufika Kongo, ingawa kobalti ya magari hayo ilitoka Kongo. Kijana wa kibanda cha Bunia akiletewa kesho kisanduku cha pikipiki ya umeme, atakigeuza, atasoma namba iliyoandikwa nyuma yake, kisha atatafuta mchoro wa nyaya zake katika simu yake ndogo. Na mchoro huo umefungiwa kiwandani.